Maswali na Majibu: Boti yako iko ng'ambo, wewe mwenyewe mkazi wa wapi?

Barua tatu za safari hii zimetoka pembe tatu, Southampton, Alicante na Maskati, na zote zinauliza jambo lile lile: mtu mwenye boti yake ya matembezi akaiweka katika nchi isiyo yake anadaiwa kodi gani, na aisajili wapi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ina mafundo mengi, na anayesoma mbili zilizobaki atafaidika akianza nayo.

Swali: Miezi 18 inaanza kuhesabiwa lini?

*Ndugu Mwandishi, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, ninaishi Southampton mwaka wa 19 sasa, na nina pasipoti ya Uingereza. Mwaka 2019 nilinunua boti ya tanga ya mita 10.5, nikaiandikisha katika daftari la vyombo vidogo la Uingereza, na sikuitoa nchini hadi mwaka jana. Tarehe 2 Mei niliingia nayo Cherbourg, Ufaransa, nikateremka pwani ya Ureno, nikakaa Tangier, Moroko, siku mbili na kujaza dizeli. Nikaondoka huko asubuhi ya tarehe 22 Juni, na jioni yake nikatia nanga pwani ya Hispania. Tarehe 14 Agosti niliifikisha Preveza, Ugiriki, na iko huko mpaka leo. Nimeambiwa nina miezi 18, kwa hiyo nahesabu hadi tarehe 14 Februari mwakani. Je, nimekosea? Na je, mdogo wangu anayeishi Hamburg anaweza kuitumia mwezi Septemba, mimi nikiwa kazini Uingereza?*

Jibu: Umekosea, ndugu yangu, lakini kituo chako cha Tangier kimekuokoa kuliko unavyodhani.

Tuanze na sababu ya kuwapo kwa miezi hiyo 18. Uingereza ilipotoka katika soko la Umoja wa Ulaya mwishoni mwa tarehe 31 Desemba 2020, boti za Waingereza ziligawanyika mara mbili kufuatana na mahali kila moja ilipokuwa imefungwa kamba usiku ule. Iliyokuwa ndani ya nchi za Umoja, na mwenyewe ana ushahidi kwamba Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ilikwisha kulipwa, ilibaki na hadhi ya mali ya Umoja. Iliyokuwa Uingereza, kama yako, iliipoteza hadhi hiyo hata kama VAT yake ililipwa zamani na risiti ipo. Tangu hapo boti yako ikiingia Ulaya ni chombo cha kigeni, na kinachokuzuia kudaiwa VAT upya (Ugiriki ni asilimia 24, Ufaransa 20, Ureno 23) ni utaratibu wa forodha wa uingizaji wa muda. Kwa vyombo binafsi vya majini utaratibu huo unaruhusu miezi 18, kwa masharti kwamba chombo kimesajiliwa nje ya Umoja kwa jina la mtu anayeishi nje ya Umoja, na kwamba mtumiaji naye anaishi nje ya Umoja. Kwa kawaida hakuna fomu ya kujaza, kwani kitendo chenyewe cha kuvuka mpaka ndiyo tamko lako, ingawa afisa wa forodha ana haki ya kukudai karatasi.

Kosa lako ni kuanzia hesabu Ugiriki. Mbele ya forodha, nchi zote za Umoja ni eneo moja, na saa huanza kugonga chombo kinapoingia katika eneo hilo, si kinapofika bandari utakayoishi nayo. Usingepita kwingine, tarehe yako ya kuanza ingekuwa 2 Mei pale Cherbourg, na miezi 18 ingekwisha tarehe 2 Novemba mwaka huu. Lakini Moroko si Umoja wa Ulaya. Ulipoingia Tangier boti ilitoka katika eneo la forodha, na ulipotia nanga Hispania jioni ya tarehe 22 Juni iliingia upya na miezi 18 mipya, kwa kuwa sheria haikuweka muda wa chini ambao chombo lazima kikae nje kabla ya kurudi. Siku yako ya mwisho basi ni tarehe 22 Desemba mwaka huu. Umepata siku 50 kwa tangi moja la dizeli.

Umezipata iwapo unaweza kuzithibitisha, na hapa nakuomba ufungue faili lako la boti leo, usingoje kesho. Muhuri wa Tangier ulio katika pasipoti unathibitisha kwamba wewe ulikuwa Tangier. Hauthibitishi kwamba boti ilikuwa nawe. Kinachohitajika ni karatasi yenye jina la boti na tarehe: risiti ya maegesho, hati ya kuingia na kutoka bandarini, au risiti ya dizeli ambayo muuzaji aliandika jina la chombo. Risiti za mafuta nyingi huchapishwa kwa karatasi ile nyembamba ambayo ikikaa juani miezi miwili hugeuka nyeupe tupu. Ipige picha, uitoe nakala, na nakala iwekwe nyumbani. Nasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumkabidhi afisa mmoja karatasi nikiamini ni ushahidi wangu, akaigeuza huku na huku, akanirudishia akiuliza kwa upole kama nilitaka kumwandikia kitu.

Kabla ya tarehe 22 Desemba boti itoke tena nje ya Umoja. Kutoka Preveza njia rahisi ni kupanda hadi Corfu, kisha kuvuka mkono wa bahari mpaka Sarandë, Albania, ambako mawakala wa bandari wamezoea kuwashughulikia wageni wa namna yako na watakupa hati yenye muhuri na tarehe. Ukirudi unaanza miezi 18 mingine. Usiiache safari hiyo hadi wiki ya mwisho, kwa maana Desemba katika bahari ya Ionia si mwezi wa kujipangia tarehe, na afisa wa forodha halazimiki kuukubali upepo kama udhuru wako.

Lipo jambo ambalo hukuuliza na ambalo huwanasa wengi kuliko kodi. Boti ina miezi 18, wewe una siku 90. Mwenye pasipoti ya Uingereza asiye na kibali cha ukaazi anaruhusiwa siku 90 katika kila siku 180 ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, na Ugiriki imo. Hesabu hizi mbili hazijuani: unaweza kuwa na boti halali na wewe ukawa umezidisha, au kinyume chake. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi hizo zilianza kuingiza mfumo wa kielektroniki wa kuwasajili wageni wanapoingia na kutoka, kwa hiyo siku za kutegemea muhuri uliopigwa ukafifia zimekwisha. Msomaji mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anayeishi Uingereza kwa kibali ajue kwamba anahitaji viza ya Schengen hata akiingia kwa boti yake mwenyewe. Bahari haina mlango wa uani.

Sasa mdogo wako wa Hamburg. Jibu ni hapana kwa mpango ulioueleza. Yeye ni mkazi wa Umoja, na mkazi wa Umoja akishika usukani wa chombo kilicho katika uingizaji wa muda anaweza kuwa amekiingiza kimagendo bila kujua, na deni la VAT likazaliwa siku hiyo. Upo mwanya mmoja: anaweza kukitumia kwa shughuli binafsi, mara moja moja tu, kwa maagizo yako wewe mwenye usajili, na kwa sharti kwamba wakati huo nawe uko ndani ya Umoja wa Ulaya. Ukiwa kazini Southampton, mwanya huo umefungwa. Mwalike wiki utakayokuwapo. Kumkodishia mtu boti kwa pesa ndilo jambo la kutofikiria kabisa, maana utaratibu huu ni wa matumizi binafsi. Kuikarabati na kuitunza ili ibaki katika hali yake kunaruhusiwa, lakini ukitaka kuibadilisha sana, mathalani kuipa injini kubwa zaidi au kuijenga upya ndani, zungumza kwanza na forodha.

Ugiriki nayo ina mambo yake ya ndani, na hayo ni mepesi. Chombo kisicho cha Umoja hupewa na forodha ya bandari ya kuingilia hati ya safari inayopaswa kuwa chomboni kila wakati, na kila boti ya starehe yenye urefu unaozidi mita 7, ya mgeni na ya mwenyeji, hulipiwa tozo iitwayo TEPAI, iliyoanza kutozwa Mei 2019 na inayokokotolewa kwa urefu wa boti na kwa miezi inayokuwa katika maji ya Ugiriki. Hulipwa kwa mtandao. Haina uhusiano wowote na VAT, na kuilipa hakukupi hadhi yoyote ya kiforodha, ingawa nimewasikia watu wakiionyesha risiti yake kwa fahari kana kwamba ni hati ya ukombozi.

Kuhusu kurudi: siku utakapoirejesha Southampton, Uingereza nayo inaweza kukudai VAT yake ya asilimia 20 usipoomba msamaha wa bidhaa zinazorudi. Msamaha huo kwa kawaida una ukomo wa miaka mitatu, lakini kwa boti za starehe za watu binafsi sharti la miaka mitatu limelegezwa, mradi aliyeitoa nchini ndiye anayeirudisha na haikufanyiwa zaidi ya matengenezo ya kawaida. Tunza ankara ya kwanza kabisa ya boti, ile aliyopewa mnunuzi wa kwanza, ikionyesha VAT. Na cheti chako cha daftari la vyombo vidogo hudumu miaka mitano. Kama kile cha kwanza ulikipata mwaka 2019, hakikisha kilihuishwa, kwa sababu boti ambayo usajili wake umekwisha inaweza kukuletea maswali kuhusu sharti la kwanza la uingizaji wa muda.

Swali: Nimehamia Hispania, boti ilinitangulia

*Shikamoo Mwandishi. Mimi ni Mkenya. Nimeishi Leeds miaka 11, na wiki tano zilizopita nimehamia Alicante na familia kwa kibali cha ukaazi. Boti yetu ya mita 9, yenye usajili wa vyombo vidogo wa Uingereza, nimeimiliki miaka minne, na iko Dénia tangu kiangazi kilichopita kwa ule utaratibu wa miezi 18. Jirani yangu gatini anasema nitulie, miezi haijaisha. Je, nitulie?*

Jibu: Marahaba. Usitulie hata kidogo. Jirani yako anaihesabu boti, na tatizo limehama kutoka kwenye boti likaja kwako. Uingizaji wa muda ni wa mtu anayeishi nje ya Umoja, nawe umekuwa mkazi wa Hispania, kwa hiyo masharti yamevunjika hata kama miezi imebaki saba. Wakati huo huo usajili wako wa Uingereza nao unayumba, kwa sababu daftari la vyombo vidogo ni la watu ambao makazi yao ya kawaida ni Uingereza. Mtu akihama, anapaswa kuuachia.

Hata hivyo umeandika mapema, na mapema katika jambo hili ni mali. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 kuhusu misamaha ya ushuru inamruhusu anayehamisha makazi yake kuingiza mali zake binafsi bila ushuru, na boti za matembezi zimetajwa ndani yake kwa jina. Msamaha wa VAT unakwenda sambamba nao. Uwe umeishi nje ya Umoja angalau miezi 12 mfululizo, uwe umeimiliki na kuitumia boti angalau miezi 6 kabla ya kuhama, na uiingize rasmi ndani ya miezi 12 tangu uanze makazi mapya. Kisha usiiuze, usiikodishe wala usimwazime mtu kwa miezi 12 bila kuwaarifu forodha. Kwa maelezo yako unatimiza yote.

Kodi ya pili ndiyo inayowashitua watu. Hispania hutoza kodi maalumu kwa baadhi ya vyombo vya usafiri, ambayo wenyeji huiita kodi ya usajili, na kwa boti za starehe zinazozidi mita 8 kiwango chake cha kawaida ni asilimia 12 ya thamani. Yako ni ya mita 9. Usidhani kwamba kuendelea kupeperusha bendera ya nchi nyingine kutakuepusha, kwa kuwa kodi hii inamwangalia mtumiaji anayeishi Hispania. Jina lake ni la usajili lakini inamfuata hata mkazi ambaye boti yake imesajiliwa kwingine. Wala haizuiwi na VAT iliyokwisha kulipwa. Kwa mtu anayehamisha makazi kuna msamaha, wenye masharti yanayofanana na yale ya forodha, lakini muda wake wa kushughulikiwa ni siku 60. Wiki tano ni siku 35. Una siku 25, na baadhi yake zitaliwa na sikukuu za mtaa na foleni ya kupata miadi. Nenda kwa wakala wa masuala ya serikali, wale ambao Wahispania huwaita *gestor*. Ada yake itakuwa ndogo mbele ya asilimia 12 ya thamani ya boti. Mpelekee hati ya mauziano, ankara yenye VAT, cheti cha usajili, uthibitisho wa makazi yako ya Leeds, kama bili za kodi ya halmashauri, na uthibitisho wa tarehe uliyohamia.

Na boti isitoke gatini mpaka hayo yamalizike.

Swali: Dalali anasema kampuni ya Malta itamaliza yote

*Assalaam alaykum. Mimi ni mkazi na raia wa Oman, wazee wangu wanatoka Pemba. Dalali mmoja Kroatia ananiuzia boti ya injini ya mita 13 iliyotumika. Anashauri niinunue kwa jina la kampuni nitakayofungua Malta, niipandishe bendera ya Malta, na sitadaiwa kodi Ulaya abadan. Vinginevyo nilifikiria bendera ya nyumbani, Tanzania. Ipi bora?*

Jibu: Waalaykum salaam. Kwa ushauri wake dalali wako anakunyang'anya faida pekee uliyokuwa nayo. Wewe unayeishi Maskati unastahili uingizaji wa muda. Kampuni ya Malta haistahili, kwa sababu makao yake yamo ndani ya Umoja. Boti itahesabiwa kuwa mali ya mkazi wa Umoja, na VAT yake itatakiwa ieleweke ililipwa wapi na lini. Maneno aliyokuambia ni mabaki ya mpango wa zamani wa ukodishaji, ambapo sehemu kubwa ya matumizi ya boti ilichukuliwa kuwa ni nje ya maji ya Umoja na VAT ikapungua sana. Machi 2018 Tume ya Ulaya ilifungua mashauri dhidi ya Malta, Saiprasi na Ugiriki kwa ajili ya mipango hiyo, na kanuni zikabadilishwa. Malta ni bendera nzuri na daftari lake ni kubwa, lakini bendera haijibu swali la kodi.

Swali la kumuuliza dalali ni hili: boti hii ni mali ya Umoja iliyokwisha kulipiwa VAT, ndiyo au hapana, na ushahidi uko wapi? Kama ndiyo, na muuzaji ni mtu binafsi, unainunua na hadhi yake na huna miezi ya kuhesabu, hata ikiwa chini ya bendera ya Oman, maadamu haikai nje ya Umoja zaidi ya miaka mitatu wala haibadilishi mmiliki ikiwa huko nje. Kama ni hapana, VAT ya Kroatia ni asilimia 25, nawe utachagua kati ya kuilipa na kuitoa boti nje, Montenegro iko jirani, kisha kuiingiza upya kwa miezi 18 ikiwa na usajili wa nje kwa jina lako.

Bendera ya Tanzania ni moja lakini madaftari ni mawili: la Bara liko chini ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, la Zanzibar liko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Kwa kuwa wewe ni raia wa Oman na unaishi huko, usajili wa Oman ndio ulio karibu na ukweli wa maisha yako, na afisa wa forodha akiona mmiliki, makazi na bendera vinakwenda pamoja huwa hana la kuuliza zaidi. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unataka chombo kiwe na bendera moja tu, kwa hiyo daftari la zamani la muuzaji lazima lifungwe na upewe cheti cha kufutwa kabla hujaandikisha popote.

Pesa ya mwisho usiilipe mpaka uwe na karatasi tatu mkononi: ankara ya awali yenye VAT, hati ya mauziano yenye namba ya kiunzi iliyogongwa tezini, yaani nyuma ya boti, ambayo utaisoma mwenyewe kwa kurunzi na kuilinganisha herufi kwa herufi, na cheti hicho cha kufutwa. Dalali akikujibu kwamba ankara ilipotea zamani na haina maana, bei nayo ishuke kwa asilimia 25.